Dakika 132: kisa cha binti wa Ngamiani aliyekuwa akihema

Mama yake alinijia Jumapili jioni, mwezi wa Agosti, upepo wa kusi ukivuma bado, nami nimekaa barazani na rundo la madaftari ya wanafunzi. Akasalimia, akakaa, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, huyu mwanangu wa kike ana nini? Ngazi za kwa shangazi yake, ghorofa mbili tu, kafika juu ahema kama mtu aliyekuwa akikimbizwa. Na umri wenyewe miaka kumi na miwili."

Nimefundisha michezo katika shule za msingi hapa Tanga kwa miaka 17, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi. Mara nyingi pia nimelijibu vibaya, kwa haraka: "Mwambie aache simu, acheze." Safari hii nilijizuia. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya mama huyo na ya binti mwenyewe. Majina nimeyaacha, na shule sitaitaja.

Hospitali alikwishakwenda, na hilo alifanya vema. Asingekwenda, ningemrudisha huko kwanza kabla ya neno lolote kuhusu mazoezi. Mtoto wa pwani anayechoka upesi ana mambo mengi ya kuangaliwa: malaria, minyoo, pumu, upungufu wa damu, hasa kwa msichana aliyeanza hedhi. Moyo nao usikilizwe, maana maambukizi ya koo yasiyotibiwa vizuri huweza baadaye kuharibu vali zake. Na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, isisahaulike, kwa kuwa Tanzania ni mojawapo ya nchi ambako watoto wengi sana huzaliwa nayo. Mtoto mwenye mojawapo ya haya akiitwa mvivu, akasukumwa akimbie, ameonewa mara mbili.

Vipimo vya binti huyu vilirudi safi. Daktari akamwambia mama, "Mtoto hana ugonjwa. Afanye mazoezi." Mama akatoka na hasira aliyoileta moja kwa moja barazani kwangu: "Mazoezi gani tena, Mwalimu? Mtoto atoka nyumbani alfajiri, arudi Magharibi. Atapumzika saa ngapi?"

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nitake kujua zaidi. Mtoto ana shughuli kutwa nzima, amechoka kweli, na bado mwili wake haujui kupanda ngazi. Nikamwomba mama anipe siku saba.

Daftari la siku saba

Hatukuwa na kifaa chochote. Tulikuwa na daftari la mistari, saa ya mkononi ya mama, na binti mwenyewe, ambaye ni mwandishi hodari kuliko wote waliokuwamo. Kanuni ilikuwa moja: kuandika dakika ambazo pumzi imebadilika, basi. Wataalamu wa mazoezi wana kipimo rahisi cha jambo hili. Mtu akiwa katika mwendo wa wastani aweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Akiwa katika mwendo mkali, maneno machache tu na lazima avute pumzi. Binti anajua kasida nyingi za maulidi, kwa hiyo tukakubaliana: kama aweza kuimba ubeti mzima wa kasida bila kukata pumzi, dakika hiyo haihesabiwi. Alilipenda hilo. Jioni ya siku ya pili nilimkuta akimpima mdogo wake.

Kiwango tulichokilenga ni cha Shirika la Afya Duniani: mtoto na kijana wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo unaobadilisha pumzi, na angalau siku tatu kwa wiki awe na mambo ya nguvu zaidi, yanayokaza misuli na mifupa, kama kukimbia na kuruka. Neno "wastani" liliingizwa katika mwongozo wa mwaka 2020. Kabla ya hapo ilitakiwa dakika 60 kila siku iendayo kwa Mungu. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini kwa familia za hapa kwetu ni makubwa, na mbele nitaeleza kwa nini. Kwa wiki nzima, basi, hesabu ni dakika 420.

Daftari la binti lilisoma hivi: Jumatatu 14, Jumanne 17, Jumatano 12, Alhamisi 16, Ijumaa 9, Jumamosi 38, Jumapili 26. Jumla 132. Hiyo ni chini ya theluthi moja ya kiwango.

Na dakika hizo zilitoka wapi? Za Jumatatu hadi Ijumaa karibu zote zilikuwa za kufagia uwanja wa shule kwa mfagio wa chelewa, na mwendo wa haraka wa kwenda chuo cha Kurani akichelewa. Za Jumamosi zilikuwa za kufua na kusuuza sare za ndugu watatu. Jumapili alipiga deki nyumba nzima. Hakuna hata dakika moja ya wiki ile iliyokuwa ya mchezo. Nilipoliona hilo nilifunga daftari nikakaa kimya. Mtoto wa miaka 12, siku saba, hajacheza.

Kisha nikaomba jambo la pili, ambalo ndilo lililokifungua kisa. Nikamwomba kaka yake wa miaka 14 naye aandike wiki iliyofuata. Kaka akaleta dakika 511. Karibu zote chandimu ya jioni, mpira wa matambara, malango ya mawe mawili mawili, na Jumapili kuogelea pwani ya Raskazone na wenzake.

Watoto hawa wawili wanalala nyumba moja, wanakula chungu kimoja, wana baba na mama mmoja. Joto la Tanga ni lile lile kwa wote wawili. Simu ya mama wanaigombania wote. Kama tatizo lingekuwa chakula, au mji, au damu ya ukoo, au simu, tungeliona kwa kaka pia. Kilichowatenga ni ruhusa.

Jambo hili si la nyumba moja. Watafiti wa Shirika la Afya Duniani walitoa Novemba 2019 matokeo ya kukusanya taarifa za wanafunzi milioni 1.6 wa miaka 11 hadi 17 katika nchi 146. Kwa mwaka 2016, wanafunzi 81 katika kila 100 hawakufikia kiwango. Wavulana walikuwa 78, wasichana 85. Na tangu mwaka 2001 wavulana walikuwa wamesogea kidogo kutoka 80, huku wasichana wamebaki pale pale. Nilizijua takwimu hizo kabla. Sikuwa nimeziona zikiwa zimekaa kwenye mkeka mmoja, dada na kaka, kila mmoja na daftari lake.

Waliombana binti, na sababu zao

Nilitumia jioni tatu kuuliza kila dakika imekwenda wapi. Nilichokipata kilinisumbua kwa namna ambayo sikuitazamia, maana sikumpata mtu mbaya. Kila aliyechukua kipande cha siku ya binti huyu alikuwa na sababu nzuri.

Tuanze na asubuhi. Kutoka nyumbani hadi shule ni kilomita moja na nusu kasoro kidogo. Zamani watoto wa mtaa wetu walikwenda kwa miguu, kundi kubwa, kupitia barabara za ndani za Ngamiani ambazo ni nyoofu na zina namba, mtoto hapotei. Lakini kabla ya shule kuna lami kubwa inayopita malori. Miaka miwili iliyopita mtoto wa jirani aligongwa pale. Alipona, ila anachechemea. Tangu wiki ile mama amekuwa akimlipa kijana wa bodaboda kwa mwezi, naye huwapakia wanawe watatu kwa pamoja, mshikaki, kwenda na kurudi. Nani atamlaumu mama? Nilimwambia tu lililo kweli: watoto watatu nyuma ya dereva, bila kofia ngumu, hawako salama kuliko mtoto anayevushwa barabara na mtu mzima. Alinitazama, akasema, "Hilo nalijua, Mwalimu. Lakini nikiwa kazini moyo watulia."

Shuleni. Wasomaji wa rika langu wanaukumbuka mchakamchaka: alfajiri, vumbi, kiongozi anaanzisha wimbo, sisi tunaitikia huku tunazunguka uwanja. Ulikuwa mwendo uliopimwa vizuri mno. Kiongozi hubeba wimbo, wengine huitikia neno moja na kuvuta pumzi. Katika shule ya binti huyu mchakamchaka umebaki kwa madarasa ya chini. La sita na la saba wanaingia darasani muda huo kwa majaribio ya hisabati. Sababu? Mtihani wa taifa. Uwanja nao umepungua. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto waliandikishwa kwa wingi, madarasa yakahitajika, yakajengwa penye nafasi, na nafasi ilikuwa uwanjani. Mimi nilishangilia madarasa yale. Ningeyashangilia tena leo, maana mtoto kusoma chini ya mwembe si jambo la kutamani. Lakini kipande kilichobaki wakati wa mapumziko ni cha mpira wa wavulana, na wasichana hukaa ukutani kivulini, wanakula mihogo na kusukana.

Kipindi cha michezo kwenye ratiba kipo. Wakati mmoja kiliitwa Haiba na Michezo, na katika mtaala mpya kuna Sanaa na Michezo. Ila kipindi kuwa kwenye ratiba ni jambo moja, na kufundishwa ni jambo jingine. Hapa lazima niseme la kwangu. Nimeombwa kipindi changu na walimu wa hisabati na Kiingereza mara nyingi, hasa inapokaribia mitihani, nami nimekitoa. Niliona nasaidia. Nami nimo katika orodha ya waliombana mtoto huyu, hata kama si katika shule yake.

Kuna na jambo la mashindano. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari ni mambo mazuri, na vipaji vingi vimepitia huko. Tatizo ni kwamba shule nyingi zinayachukua mashindano kuwa ndiyo michezo yenyewe. Wanachaguliwa wachache wenye kasi, wanafanyiwa mazoezi wiki chache, wengine mamia wanasimama pembeni wakipiga makofi. Binti huyu hajawahi kuchaguliwa kwa lolote. Kwa hesabu ya shule yeye si "mwanamichezo", kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuuliza kama anacheza. Moyo wake, hata hivyo, haujui kama amechaguliwa. Unahitaji kazi kama wa mwenzake, na mifupa yake hivyo hivyo, maana sehemu kubwa ya uimara wa mifupa hujengwa kabla ya miaka 20, na kurukaruka ni mojawapo ya vitu vinavyoijenga.

Mchana anapotoka shule anakwenda chuoni kusoma Kurani hadi alasiri imesogea. Akitoka hapo ni tuisheni, mpaka Magharibi inakaribia. Kati ya hivyo viwili hana hata robo saa ya kwake. Chuo sikukigusa, wala sikutaka kukigusa, na mama yake hangenisikiliza. Tuisheni nilijaribu, na nitasema kilichotokea.

Na nyumbani? Nyumbani kulikuwa na Bibi.

Bibi mzaa mama ana miaka sabini na kitu, na ndiye mwenye neno. Binti alivunja ungo mwezi wa Mei. Bibi akamwita, akamweka chini kama ilivyo desturi, akamfundisha usafi, heshima na mengine yampasayo. Mwisho akamwambia, "Sasa umekuwa mtu mzima. Kurukaruka njiani na watoto basi." Binti akatii. Mpaka Aprili alikuwa akicheza rede na kuruka kamba nje na wenzake kila alipopata upenyo. Kuanzia Juni hakutoka tena. Nilipomuuliza yeye mwenyewe, alitazama chini kwanza. "Mwalimu, hata shuleni siwezi. Sketi yapeperuka. Na siku zile... naogopa kuchafuka. Vyooni hakuna maji. Nikikimbia wananitazama."

Sentensi tano. Nimekaa na wasichana darasani miaka 17, na nilikuwa nikiandika kwenye taarifa, "Wasichana hawana mwamko wa michezo."

Kwa hiyo ukiuliza ni nani aliyemfanya aheme kwenye ngazi, jibu ni hili: mama aliyeogopa malori, mwalimu mkuu aliyetaka ufaulu, ustadhi, mwalimu wa tuisheni, bibi aliyelinda heshima ya mjukuu, na shule isiyo na bomba chooni. Kila mmoja alichukua dakika ishirini, thelathini. Hakuna aliyewahi kujumlisha.

Kutwanga na kuteka maji

Nilipowasomea hesabu hizi barazani, Bibi alisema neno ambalo wazee wengi husema: "Sisi hatukuwa na mazoezi, na tulikuwa na nguvu. Tulitwanga, tuliteka maji, tulichanja kuni." Ni kweli. Na nataka kulijibu kwa uangalifu, kwa sababu naliona likitumiwa vibaya.

Mwili haujali dakika zake zimetoka wapi. Kutwanga kunahesabika, ndoo kichwani inahesabika, kufua kwa mkono kunahesabika. Ndiyo maana watoto wengi wa mashambani, wanaotembea mwendo mrefu kwenda shule, hawana tatizo la binti huyu. Lakini mtoto anayetembea hivyo bila kifungua kinywa, akafika amelowa jasho na amechelewa, akachapwa, simtamanii mtoto wa mjini awe kama yeye. Bomba kuingia uani ni neema. Mama wa binti huyu alipigania bomba lile miaka mitatu, na sitaki mtu amwambie arudi kisimani kwa ajili ya mazoezi. Bomba lilipookoa muda wa msichana, muda ule ulipaswa kubaki kwake. Ulichukuliwa wote na daftari la majaribio.

Na kuna jambo ambalo Bibi hakulitaja mpaka nilipomuuliza: walikuwa wakicheza nini? Uso wake ukafunguka. Kombolela za mbalamwezi, kamba, nage, ngoma za harusi usiku kucha. Nikauliza, "Mpaka umri gani, Bibi?" Akasema, "Aa, hata nilipokuwa mwali. Uani, sisi kwa sisi wanawake. Nani angetuona?"

Akanyamaza. Sote tukanyamaza. Kisha akageuka kwa mama wa binti akasema, "Ua wetu si upo?"

Sikuongeza neno. Yaliyofuata yote yalisimama juu ya maneno hayo manne, na kama ningeyasema mimi yasingekuwa na uzito ule.

Tulichojaribu

Kwanza ua. Alhamisi na Ijumaa chuo hufungwa, kama ilivyo kwa vyuo vyetu vingi, na hapo ndipo neno "wastani" linapotufaa. Mtoto wa Tanga hawezi kugawana sawa siku saba za wiki yake, ila siku mbili hizi zina nafasi. Bibi akasema wasichana wa mtaa waje baada ya alasiri, mlango wa mbele ufungwe, wavae suruali pana na fulana, wacheze rede. Kwa wasioijua: warushaji wawili wanasimama kila mmoja upande wake na mpira wa soksi au wa makaratasi, katikati yuko mchezaji anayejaza chupa mchanga huku akikwepa. Anainama, anachota, anaruka, anapinda, anakimbia. Hakuna mazoezi niliyofundishwa chuo cha ualimu yanayofanya mwili kazi namna ile kwa gharama ya soksi moja. Siku ya kwanza walikuja wanne. Wiki ya tatu walikuwa kumi na mmoja, na Bibi amekaa kwenye kigoda anaamua nani kaguswa.

Pili, njia ya shule. Hapa tulibishana. Mama alikubali binti atembee kwa masharti mawili: waende kundi, na kwenye lami avushwe na mtu mzima. Tukapata wasichana watano wa barabara zinazofuatana. Mwenye genge la matunda pale kona, ambaye hufungua mapema, alikubali kuwavusha asubuhi. Mchana nilipangiana na wazazi wawili. Wadogo zake wawili walibaki kwa bodaboda, ambaye alilalamika kupunguziwa malipo. Haki yake, ana familia. Mama akamwongezea kidogo kwa wale wawili, akatulia.

Nilitaka baiskeli tangu mwanzo. Mji wetu ni tambarare, na watu wa miji mingine wakija hushangaa kuona wanawake wa Tanga na baibui zao juu ya baiskeli, wanakwenda sokoni, wanakwenda kazini, wamepakia watoto nyuma. Mama huyu mwenyewe alikwenda sekondari kwa baiskeli ya kike. Lakini siku hizi wasichana wa shule wanaoendesha naona wanapungua mtaani kwetu, na bodaboda ndizo zimejaza nafasi. Baba, ambaye ni dereva wa masafa na tulizungumza naye kwa simu, alisema ile ya zamani ya mama ipo stoo, ipelekwe kwa fundi. Fundi akasema tairi mbili, tyubu, breki na mnyororo. Pesa ya mwezi ule haikutosha.

Tatu, hedhi. Mama alimnunulia bukta nzito ya kuvaa ndani ya sketi na akamshonea vitambaa vya ziada. Mimi nilimwendea mwalimu wa malezi wa shule yao, tukazungumza mwanamke kwa mwanamke. Ndoo yenye mfuniko na kata sasa inawekwa choo cha wasichana wakubwa kila asubuhi. Bomba bado.

Nne, tuisheni. Nilishindwa. Niliomba siku mbili kati ya tano ziachwe. Mama akakataa, na alinipa sababu isiyo na jibu: "Mwalimu, akifeli mtihani ndoa iko mlangoni. Akihema, hata akiwa sekondari atapona." Nilimweleza kwamba mwendo husaidia hata masomo, kwamba mtoto aliyechangamsha damu hukaza fikra vizuri zaidi, na hulala vizuri. Akasema ameelewa. Tuisheni ikabaki siku tano.

Wiki ya nane

Katikati ya Oktoba binti aliandika tena siku saba, kwa kanuni ile ile ya kasida. Jumla 371. Wastani wa dakika 53 kwa siku. Kiwango hakijafikiwa, na sitaki mtu asome kisa hiki akidhani kimefikiwa. Lakini Alhamisi na Ijumaa alivuka 60 kwa mbali, na zaidi ya nusu ya jumla yote ilikuwa njia ya shule. Ngazi za shangazi alipanda mbele yangu, akafika juu, akaongea. Mama anasema usiku analala bila kuzungukazunguka, na simu haiulizwi sana, ingawa hakuna aliyempiga marufuku.

Kisha Novemba vuli ikanyesha. Barabara za ndani zikajaa maji, ua ukawa tope, bodaboda akarudi. Wiki hiyo aliandika 203. Wiki ya hedhi pia hushuka, hata na bukta na ndoo. Nayaandika haya kwa sababu taarifa nyingi za aina hii huishia wiki ya nane, penye tabasamu. Mvua ikinyesha, ukumbi wa Bibi haukuwa na nafasi ya rede, kwa hiyo wakaruka kamba wawili wawili. Dakika chache, ila zimeandikwa.

Kilichonishangaza ni kaka. Alikuwa wa kwanza kumwambia mama kwamba si haki dada afue sare za wote watatu Jumamosi wakati yeye yuko mpirani. Anafua zake sasa. Dakika za dada za Jumamosi zikapungua kwa hilo, na binti akaniuliza kwa wasiwasi kama ameharibu hesabu. Nikamwambia zile zilizopotea azitafute uwanjani.

Jambo lililo mbele yetu ni gumu kuliko yaliyopita. Darasa la saba walifanya mtihani wao Septemba na wameondoka. Wa la sita, binti wetu akiwamo, ndio watahiniwa wanaofuata, na ratiba yao ya Januari imeshabandikwa: kuingia darasani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kutoka saa kumi na moja jioni, Jumamosi ikiwamo, na kambi ya kulala shuleni miezi ya mwisho. Nimeipigia hesabu kwa penseli. Njia ya shule itabaki, ikiwa watarudi kabla ya giza. Alhamisi na Ijumaa za uani zimekwenda.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi ijayo. Mama atasimama aombe dakika ishirini za mchakamchaka zirudishwe kwa darasa la saba kabla ya majaribio ya asubuhi. Wazazi wa wale wasichana kumi na mmoja wameahidi kuja. Mimi si mzazi wa shule ile, sitakuwa na sauti. Binti amenakili hesabu zake zote kwenye karatasi safi, za Agosti, za Oktoba na za wiki ya mvua, pamoja na za kaka yake pembeni, na Bibi ameuliza kama wazee wanaruhusiwa kuingia.